Mshindani kama Nusu ya Pili: Usawiri wa Wakamiya Shinobu katika Chihayafuru na Funzo Lake kwa Ushairi wa Malumbano

Utangulizi

Neno karata la Kiswahili na neno karuta la Kijapani ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametokana na neno la Kireno, carta. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na Japani mwaka 1543, na kote huko waliacha karata zao. Kwetu sisi zilibaki kuwa mchezo wa barazani, pamoja na msamiati wake wa turufu, ree, kopa na shupaza. Huko Japani lilitukia jambo jingine. Karata zilikutana na ushairi, na baada ya muda ukazaliwa mchezo ambao kadi zake hazina kopa wala shupaza bali zimeandikwa mashairi.

Makala haya yanamhusu mhusika mmoja wa kubuni anayecheza mchezo huo. Huyo ni Wakamiya Shinobu, mshindani wa mhusika mkuu katika Chihayafuru, hadithi ndefu ya katuni iliyotungwa na kuchorwa na Suetsugu Yuki. Hadithi hiyo ilichapishwa kwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007 hadi mwaka 2022, ikakusanywa katika juzuu 50, na sehemu zake zikatengenezewa filamu za katuni kati ya mwaka 2011 na 2020. Msomaji ana haki ya kuuliza mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayeishi katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet anatafuta nini katika katuni ya Kijapani. Jibu letu ni kwamba wanafunzi wetu waliifikia kabla yetu. Tulipokuwa tukifundisha malumbano ya ushairi, mwanafunzi mmoja alitoa mfano wa Shinobu, akamwita “adui wa hadithi”. Hatukuweza kumlaumu, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha. Katika mihadhara yetu ya uhakiki tumezoea kuwagawa wahusika mafungu mawili, mhusika mkuu na mhusika mpinzani, kisha tukamkabidhi huyu wa pili uovu wote uliomo katika kazi.

Tunakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo haufai pale ambapo kinachoshindaniwa ni neno. Katika sanaa ya maneno mshindani ni sharti la kuwapo kwa sanaa yenyewe, na jamii inayompoteza mshindani iko katika hatari ya kulipoteza shairi.

Mchezo na Masharti Yake

Hatuna budi kwanza kuueleza mchezo, kwa maana usawiri wa Shinobu umejengwa juu ya kanuni zake. Msingi wake ni diwani ya mashairi 100 ya washairi 100, ambayo kwa mapokeo husemekana ilikusanywa na Fujiwara no Teika mnamo mwaka 1235. Kila shairi lina mizani 31 na limegawanyika sehemu mbili: ya juu yenye mizani 17 na ya chini yenye mizani 14. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hapati taabu kuuelewa mgawanyo huu. Mshororo wetu nao una vipande viwili, ukwapi na utao, na kipande cha kwanza humfanya msikilizaji akingojee cha pili.

Katika mashindano, wachezaji wawili hupiga magoti wakitazamana. Kati ya kadi 100, kadi 50 tu hutandazwa, 25 kwa kila upande, na kila kadi imeandikwa sehemu ya chini ya shairi. Wachezaji hupewa dakika 15 za kukariri mahali pa kila kadi. Kisha msomaji hughani shairi kuanzia sehemu ya juu, na mchezaji anayewahi kuitambua sehemu ya chini huigusa kadi yake au huipiga ikaruka. Yapo mashairi 7 yanayotambulikana kwa silabi ya kwanza peke yake, kwa kuwa hakuna mengine yanayoanza hivyo. Mengine hudai silabi mbili, tatu, hata sita. Kadi 50 zisizotandazwa nazo husomwa, na anayegusa kwa pupa huadhibiwa.

Kanuni moja inahusu hoja yetu moja kwa moja. Mchezaji anayechukua kadi katika upande wa mwenzake humtumia mwenzake kadi moja kutoka upande wake mwenyewe. Mshindi ni yule ambaye upande wake umebaki mtupu. Hapa ushindi huja kwa kutoa, na kila kadi inayotolewa humwongezea mshindani kazi na pia nafasi. Tulinganishe na kitendawili chetu. Mtegaji husema “Kitendawili!”, hadhira hujibu “Tega!”, na wakishindwa kufumbua huombwa mji. Kwetu anayetoa ni aliyeshindwa, na huko Japani anayetoa ni anayeshinda. Katika michezo yote miwili, hata hivyo, hakuna anayeweza kucheza peke yake, na nusu ya kwanza ya usemi ni mwito unaodai nusu ya pili kutoka kinywani au mkononi mwa mtu mwingine.

Usawiri wa Shinobu

Mhusika mkuu wa hadithi, Ayase Chihaya, ni msichana wa Tokyo mwenye masikio makali na moyo wa kushirikiana. Anaanzisha chama cha karuta shuleni na kukusanya marafiki. Shinobu ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Anatoka Kyoto, amepata taji la Malkia, ambalo ndilo taji kuu la wanawake katika mchezo huu, akiwa bado katika shule ya chini ya sekondari, na hana chama wala rafiki. Chihaya akicheza, kadi huruka na mkeka hulia. Shinobu hugusa ukingo wa kadi kwa ncha za vidole, na kadi huondoka bila sauti. Wanapokutana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya vijana kwenye hekalu la Omi mjini Otsu, Chihaya anashindwa vibaya, na kinachomtisha ni ule ukimya.

Mhakiki mwenye haraka angetosheka kusema kwamba ukimya huo ni ishara ya ubaridi wa moyo. Mwandishi, hata hivyo, anaturudisha utotoni mwa Shinobu. Kwa kuwa aliwazidi mno watoto wa rika lake, walimu wake walimtenga nao, wakamfanyisha mazoezi na watu wazima. Waliona kwamba wanakilinda kipaji chake. Mtoto aliyekosa wenzake akazifanya kadi kuwa wenzake. Anapozitazama haoni karatasi. Anawaona washairi wenyewe kama watu wadogo, kila mmoja na sura yake na tabia yake, na anajiona ameunganishwa nao kwa nyuzi. Ukimya wa mkono wake, kwa hiyo, unatokana na heshima. Hapendi kuwapiga kofi marafiki zake.

Hapa ndipo tunapoona ufundi wa Suetsugu katika usawiri wa wahusika. Mshindani amepewa sifa ambayo kwa kawaida hupewa shujaa, yaani mapenzi ya dhati kwa ushairi. Katika hadithi nzima yuko mhusika mwingine mmoja tu anayeweza kulinganishwa naye kwa jambo hili, naye ni Oe Kanade, mwanachama wa kundi la Chihaya ambaye hachoki kuwakumbusha wenzake kwamba mashairi haya yana maana, majira na watu ndani yake. Kanade anaijua maana kwa njia ya elimu, na Shinobu anaijua kwa njia ya upweke. Shinobu ni mhakiki asiye na mtu wa kuhakiki naye. Tatizo lake, basi, ni kwamba amekuwa nusu ya juu ya shairi isiyo na nusu ya chini. Anapotokea Chihaya, ambaye kila akishindwa anarudi tena, Shinobu anapata kwa mara ya kwanza mtu anayemkaribia. Mwishoni mwa hadithi Chihaya ndiye anayetwaa taji la Malkia. Msomaji aliyefuatilia vizuri haoni kwamba adui ameangamizwa. Anaona kwamba mtu aliyekuwa peke yake juu kileleni amepata mwenzake.

Washairi Wawili wa Mwaka 960

Jina la mshindani huyu linastahili kutazamwa. Shinobu ni kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kuficha au kustahimili kimyakimya, na shairi la 40 katika diwani ya Teika huanza kwa umbo la kitenzi hichohicho. Mtunzi wake ni Taira no Kanemori, na mada yake ni penzi lililofichwa ambalo hata hivyo limejitokeza usoni. Shairi linalolifuata, la 41, ni la Mibu no Tadami, na mada yake ni ileile: penzi la siri ambalo habari zake zimekwisha kuenea.

Mashairi haya hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Yalikutanishwa katika shindano la ushairi lililofanyika mwaka 960 katika kasri la Mfalme Murakami. Husimuliwa kwamba mwamuzi alishindwa kuamua lipi ni bora, mpaka mfalme aliposikika akilinong'ona la Kanemori, na hapo Kanemori akapewa ushindi. Mapokeo huongeza kwamba Tadami alihuzunika hata akakosa hamu ya chakula na kufa. Tusiishughulikie sana kweli ya kifo hicho. Lenye uzito kwetu ni uamuzi wa mkusanyaji, ambaye zaidi ya miaka 270 baadaye alimchukua mshindi na mshindwa akawaweka bega kwa bega. Kila shairi linamfafanua jirani yake. Tukilisoma la Kanemori peke yake tunapata ungamo, na tukilisoma pamoja na la Tadami tunapata mjadala juu ya namna siri inavyovuja, kwa uso au kwa maneno ya watu.

Kwa mtazamo wetu, tukio hili ni ufunguo wa kumfahamu Shinobu. Amebeba jina linalolingana na mwanzo wa shairi lililoshinda, lakini shairi hilo lilishinda kwa sababu lilikuwa na mpinzani wa kiwango chake. Kabla ya kukutana na Chihaya, Shinobu ni Kanemori asiye na Tadami.

Mshindani katika Mapokeo ya Kiswahili

Tukirejea nyumbani, tunakutana na sura mbili za mshindani. Ya kwanza imo katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na kutaka auawe. Mojawapo ya hila zake ni mchezo. Watu wanaandaliwa kula kikoa cha makoma, ambapo kila mmoja anakwea mti kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anaitambua hila hiyo na kuyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Hatimaye anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba, naye anakufa akiwa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, hata watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji. Huyu mfalme ndiye mshindani anayetaka mwenzake asiwepo. Anaupata ushindi wake, na malipo yake ni mji wenye kiu.

Sura ya pili ni ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi mnamo mwaka 1840. Uhasama wa Mombasa na Lamu, uliofikia kilele katika vita vya Shela mnamo mwaka 1812 au 1813, ulizaa mashairi ya kujibizana baina yake na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi. Wanaume hawa walikuwa maadui kwa maana halisi, kwani watu walikufa katika vita hivyo. Hata hivyo kila shairi lilitungwa ili lijibiwe, na mtunzi alilazimika kuyasikiliza kwa makini maneno ya hasimu wake, kulichukua fumbo lake na kulifumbua kabla ya kumfumbia jingine. Hapakuwa na msomaji aliyemsoma Muyaka kwa makini kuliko watu wa Lamu. Desturi hiyo haikufa na vita. Kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, na baadaye za Taifa Leo nchini Kenya, ziliendeleza malumbano baina ya watu ambao yamkini hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Shinobu amesimama kati ya sura hizi mbili. Msomaji anayemwita adui anamsoma kana kwamba ni mfalme wa Pate, ilhali jamaa zake halisi ni washairi wa Lamu.

Pingamizi Moja

Inaweza kudaiwa kwamba karuta si ushairi hata kidogo. Mchezaji anayeipiga kadi baada ya kusikia silabi moja hakulisikia shairi. Alisikia kengele tu. Pingamizi hili lina nguvu, na Chihayafuru yenyewe haiukwepi ukweli wake, maana Chihaya mwanzoni huzipenda kadi kwa sauti zake tu. Hata hivyo, mashairi ya Japani ya zama hizo ni mengi mno kuliko haya 100, na wasomi wanayahifadhi katika vitabu. Haya 100 yamehifadhiwa pia vichwani mwa vijana wa shule, kwa sababu yupo mtu mbele yao ambaye atawatangulia wasipoyajua. Maana inaweza kufundishwa baadaye kwa mtu ambaye tayari anazo sauti, lakini hakuna njia ya kumfundisha maana ya shairi mtu ambaye halikumbuki.

Kutoka Kambini

Mwandishi wa makala haya alikulia katika kambi ya wachuma majani chai upande wa Kericho. Wazazi wetu walitoka jamii mbalimbali. Walikuwapo Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na lugha iliyotuunganisha sisi watoto ilikuwa Kiswahili. Jioni, mvua ikiisha, vitendawili viliteguliwa baina ya safu moja ya nyumba na nyingine. Watoto wa Kikipsigis walivileta vya kwao, ambavyo huitwa tangoch, vikafasiriwa papo hapo na kutegwa upya kwa Kiswahili. Alikuwapo msichana mmoja katika safu ya pili ambaye hakuna aliyeweza kumtegea akashindwa. Tulimchoka. Tukakubaliana, bila ya mtu mzima kutushauri, kwamba akija tutanyamaza. Alikuja jioni tatu au nne, kisha akaacha kuja. Tulidhani kwamba sasa tutacheza kwa raha, lakini katika muda wa wiki chache tulikuwa tunategeana vitendawili ambavyo kila mtu alivijua, na mchezo ukafa kabla ya msimu kwisha.

Hatusimulii haya kwa ajili ya kujutia utoto. Tunayasimulia kwa sababu jambo hilohilo linatendeka sasa kwa kiwango kikubwa. Mashine za kuchuma majani zimepunguza haja ya wachumaji katika mashamba makubwa, na hasira juu yake ilifikia kiasi kwamba mwaka 2023 baadhi zilichomwa moto Kericho. Wachumaji wakipungua, safu za nyumba hupungua watu, na mchezo unaohitaji safu mbili hauwezi kuchezwa na moja.

Kimbilio letu limekuwa shule na tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1927, limefanya kazi kubwa ya kuendeleza ughani wa mashairi, nasi hatuidharau. Lakini tutazame umbo lake. Shule hupanda jukwaani, hughani shairi lililokaririwa, hupewa alama na kushuka. Kisha hupanda shule nyingine. Washindani wanamtazama mwamuzi, hawatazamani. Shule ya Bomet inaweza kuishinda shule ya Kericho bila ya kusikia hata mshororo mmoja wa mwenzake. Ushindani upo, tena mkali, lakini mshindani hayupo. Ni kama wachezaji wawili wa karuta waliowekwa katika vyumba viwili, kila mmoja akihesabiwa kadi zake.

Shinobu naye anakabiliwa na swali la riziki. Karuta haimlipi mchezaji mshahara, hata aliye na taji, naye anajiwekea lengo la kuwa mtu wa kwanza kuifanya kazi ya kumlisha. Hili nalo ni swali la malenga wetu. Lakini mfuatano wa mambo katika hadithi una funzo: fikra za Shinobu juu ya maisha nje ya mkeka zinapanuka kadiri anavyozidi kuwa na watu wa kukabiliana nao.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Wakamiya Shinobu, aliyeitwa adui darasani mwetu, ndiye msomaji mwenye mapenzi makubwa kuliko wengi katika hadithi yake, na kwamba dhiki yake yote inatokana na kukosa wa kushindana naye. Uhakiki wetu ungefaidika kwa kuitenga dhana ya mshindani na dhana ya mhusika mpinzani, hasa tunapochambua tanzu zinazoishi kwa kujibizana, kama vile kitendawili, ngonjera na shairi la malumbano.

Kwa upande wa utendaji tuna mapendekezo mawili. Kwanza, wanaokusanya fasihi simulizi katika nchi hii ya majani chai wakusanye majibu pamoja na maswali, na majina ya walioshindwa pamoja na ya walioshinda, kama Teika alivyomweka Tadami kando ya Kanemori. Pili, katika tamasha za shule itengwe nafasi, japo ndogo, ambapo shule mbili zitaketi zikitazamana, moja itoe ubeti na nyingine iujibu papo hapo kwa vina na mizani ileile. Alama zitakuwa ngumu kutoa, nasi tunalitambua hilo. Lakini mwaka 960 pia mwamuzi alishindwa kuamua, na mashairi yote mawili tunayo mpaka leo.